Mama Pazia Alipotoroka Kuolewa

“Mashahidi wawili, basi,” Fundi Lifti alisema. “Vitambulisho vyetu, vitambulisho vyao, na sisi wenyewe tufike kwa miguu yetu. Yule karani hakutaja kitu kingine.”

“Hata pete?”

“Pete ni hiari. Nimemuuliza mara mbili, maana na mimi sikuamini.”

Mama Pazia alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya chumba cha mikutano, kitambaa cha kijivu kimemzunguka pande zote kama maji ya mafuriko, pini amezibana mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni, akamtazama.

“Kama ni hivyo tu,” alisema, “watu huwa wanagombana miezi sita kwa ajili ya nini?”

“Keki,” Fundi alijibu.

Mama Pazia alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwambia aondoke upesi, kabla watu wa ofisi ile hawajaanza kujiuliza fundi wa lifti anatafuta nini kwenye chumba kisicho na lifti.

Walikuwa watu wazima wote wawili, na hakuna aliyejaribu kuficha miaka yake. Mama Pazia alikuwa amevuka hamsini kitambo. Alikuwa mjane, fundi wa mapazia, na katika jiji lile ungeweza kupita barabara nzima ya maofisi ukainua macho kila ghorofa ukaona kazi ya mikono yake. Fundi Lifti alimzidi miaka michache. Aliwahi kuoa ujanani, mke akamwacha, akabaki na kikasha chake cha vifaa na ukimya wake. Mtoto hakujaaliwa.

Walikutana kwenye jengo refu, lifti imekufa, Mama Pazia amesimama chini na marobota ya kitambaa, wenye ofisi wako ghorofa ya saba na wanataka mapazia yatundikwe kabla wageni wao hawajafika. Alimuuliza fundi lifti itapona lini. Fundi akasema ampe muda kidogo. Yeye akajibu kwamba muda ndio kitu pekee ambacho hakubeba siku ile. Basi fundi akaiacha lifti vilevile ilivyo, wazi kama kinywa cha mgonjwa, akabeba marobota mabegani, akapanda nayo ngazi za ghorofa zote saba. Msimamizi wake alimfokea mbele za watu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akarudi kwenye lifti yake. Mama Pazia aliyaona hayo yote kutoka juu ya ngazi yake ya kutundikia mapazia, na jioni alipokuwa anashuka, kwa lifti sasa, alimuuliza kama ameshakula.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kula pamoja mchana, kusindikizana mpaka kituo cha basi, simu za jioni. Mama Pazia hakuwa mtu wa kuandika ujumbe. Miwani yake ilikuwa haikai, na vidole vilivyozoea sindano viliona herufi za simu ni uchokozi. Alipiga, au alirekodi sauti yake akaituma, na Fundi alizisikiliza sauti hizo juu kabisa kwenye chumba cha mashine za lifti, peke yake, mota zikinguruma.

Tatizo lilikuwa nyumbani.

Mama Pazia aliishi kwa bintiye. Watu wote walimwita Nesi, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na hata mama yake alikwisha lizoea jina hilo. Nesi alikuwa mtoto wake wa pekee. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, akifika nyumbani anabisha hodi kama mgeni, na walikuwa na mapacha wa miaka minne ambao walikula, walioga na kulala mikononi mwa bibi yao kila Nesi alipokuwa na zamu ya usiku.

Mama Pazia alimweleza bintiye kuhusu Fundi mara moja tu, kwa upole, wakikunja nguo. Nesi alilia, kisha akasema maneno mengi: kwamba baba yake hajamaliza hata miaka minne kaburini, kwamba watu watacheka, kwamba mwanamke mwenye wajukuu hana haja ya kuanza kupikia mwanamume mwingine. Kesho yake picha ya marehemu iliyokuwa chumbani ikawa sebuleni, juu ya televisheni, katika fremu mpya. Mama Pazia aliitazama. Alimkumbuka marehemu kwa mema, alimuuguza kwa mikono yake mpaka pumzi ya mwisho, wala hakuwa na ugomvi na picha. Alichoelewa ni kwamba amejibiwa.

Ndipo ikaja fikra ya kutoroka. Msusi, shoga yake wa tangu enzi za usichana, ndiye aliyelitumia neno hilo kwanza, na wote wawili wakacheka, kwa sababu wanaotoroka huwa mabinti wa miaka ishirini, tena wanatoroka wazazi. Lakini mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kiasi kwamba haukuwa na pa kuharibikia. Alhamisi asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa. Msusi angekuwa shahidi wa upande wake. Upande wa Fundi angesimama mwenzake wa kazini waliyemwita Spana. Baada ya hapo wale chakula wanne, halafu jioni Mama Pazia arudi kwa bintiye amwambie jambo limekwisha, aje achukue nguo na cherehani yake. Fundi alikwisha pata vyumba viwili mtaa wa nyuma ya soko la vitambaa, na akavipaka rangi mwenyewe.

“Na Nesi akilia?” Msusi aliuliza.

“Atalia. Kisha atanyamaza. Akijua mapema atalia siku zote mpaka Alhamisi, na mimi nitashindwa.”

Jumatano jioni hakuna kilichoonekana kuwa si cha kawaida. Mama Pazia alipika, akawaogesha mapacha waliomlowesha kuanzia kichwani, akawasimulia hadithi mpaka wakalala. Simu yake ilikuwa sebuleni, kwenye chaji. Nesi alikuwa na mapumziko siku hiyo, amekaa kwenye kochi miguu juu. Alikuwa mkimya, lakini Nesi alikuwa mkimya kila alipochoka.

Asubuhi Mama Pazia alivaa gauni la rangi ya samawati alilojishonea kwa siri, akasema anakwenda kumwona mteja mkubwa. Zipu ya mgongoni ilimgomea.

“Nifungie, mwanangu.”

Nesi alisimama nyuma yake. Mikono yake ilikuwa ya baridi, na zipu ilipanda polepole mno.

“Umependeza, mama,” alisema.

“Mteja mwenyewe ni mmoja wa watu wakubwa,” Mama Pazia alijibu, akajisikia vibaya kwa uongo huo njia nzima.

Ofisi ya msajili ilikuwa na korido ndefu yenye mabenchi pande zote mbili. Siku hiyo ilijaa vijana: mabibi harusi wenye shela, mabwana harusi wanaotokwa jasho, wajomba wanaopiga picha. Msusi alikwisha fika, amevaa viatu vya kisigino vilivyokuwa vinamtesa. Walikaa. Kila mlango wa mbele ulipofunguka Mama Pazia alinyoosha shingo.

Zamu yao ikafika. Karani akatoka na kuuliza bwana harusi yuko wapi.

“Yuko njiani,” Mama Pazia alisema.

Karani akawapitisha wengine mbele. Kisha wengine tena. Msusi alipiga simu ya Fundi kwa simu yake mwenyewe, na Mama Pazia akapiga kwa yake. Imezimwa. Spana naye hakuonekana. Karani alipotoka mara ya tatu hakuuliza kitu. Aliinama karibu na sikio la Mama Pazia, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wanafunga kwa ajili ya chakula cha mchana, na kwamba akitaka siku nyingine aje tu, hatalazimika kuanza upya.

Huruma ya yule karani ndiyo iliyomuuma. Korido ikabaki tupu, sakafuni maua ya watu wengine.

“Mwanamume wa lifti,” Msusi alisema baada ya muda, “leo juu, kesho chini.”

Mama Pazia alicheka. Kicheko kikapoteza njia, kikageuka kilio, na Msusi akamshika mkono mpaka kikaisha. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akasimama, akajinyoosha gauni.

“Twende nyumbani,” Msusi alisema.

“Nyumbani siendi. Nataka aniambie mwenyewe, kwa mdomo wake.”

Alimkuta kwenye lile jengo la kwanza, lile la ghorofa saba. Mlinzi alimwambia fundi yuko juu kwenye mashine, na kwamba leo ameamkia kazini kabla ya mtu yeyote, akaomba apewe na kazi za wengine. Spana alikuwa chini, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona alitazama viatu vyake, akasema aliambiwa hakuna safari. Mama Pazia alipanda lifti mpaka mwisho, kisha ngazi ya chuma, akasukuma mlango mdogo unaohitaji kuinama.

Fundi Lifti alikuwa anapaka grisi kwenye kamba za chuma. Aligeuka. Alikuwa amevaa ovaroli yake ya kila siku, na shingoni mwa ovaroli ile palichomoza kola ya shati jeupe lililopigwa pasi.

Walitazamana.

“Nimekungoja,” Mama Pazia alisema. “Mimi na Msusi. Mpaka wakafunga ofisi.”

Fundi aliweka chini kopo la grisi kana kwamba ni kitu kinachoweza kupasuka.

“Ulikwenda?”

“Nilikwenda wapi tena kama si huko? Nimevaa hivi nakwenda sokoni?”

“Lakini uliniandikia.”

“Mimi na kuandika wapi na wapi?”

Alijifuta mikono, akatoa simu mfukoni, akaiwasha. Ilichukua muda. Kisha akampa. Mama Pazia aliisogeza mbali na macho, kwa kuwa miwani ilikuwa kwenye mkoba na mkoba alimwachia Msusi. Ulikuwa ujumbe kutoka namba yake mwenyewe: *Nimefikiri sana nimeona haiwezekani. Nina mwanangu na wajukuu wangu. Tafadhali usinipigie wala usije nyumbani. Nakutakia kila la heri.*

Chini yake Fundi alikuwa amejibu: *Nimekuelewa. Sitakusumbua.*

Aliusoma mara moja tu. Ulikuwa wa jana jioni. Jana jioni mikono yake ilikuwa na sabuni mpaka viwikoni, mapacha wanarushiana maji, na simu iko sebuleni kwenye chaji, karibu na kochi. Hakuhitaji kuuliza. Akahisi mgongoni, mahali ambapo zipu ilikuwa imepita, baridi ya vidole vya mwanawe.

“Hii ni kazi ya Nesi,” alisema.

Fundi alifumba macho. “Nilipousoma mara ya kwanza nilisema si yeye huyu. Nikausoma mara ya pili nikasema labda ndiye.”

“Ukausoma mara ya pili ya nini?”

Fundi alilishika kopo la grisi, akaliacha.

“Tangu tujuane umewahi kuona neno langu hata moja la kuandika? Hata ‘nimefika’? Mimi nakuimbia humo ndani ya simu kama redio. Anakuja mtu anakuandikia ‘nakutakia kila la heri’ kama barua ya kufukuzwa kazi, na wewe unajibu ‘nimekuelewa’. Ulielewa nini?”

“Bibie,” alisema taratibu, “mimi nimeshaambiwa niondoke mara nyingi. Mke wangu wa kwanza alimtuma kaka yake aje kuniambia. Nikiambiwa ondoka, huondoka. Naona aibu kubaki mahali nisipotakiwa.”

“Na aibu ya mimi kukaa kwenye benchi?”

“Hiyo sikuijua. Wallahi sikuijua.”

Mota ikawaka ghafla kando yao. Kuna mtu chini alikuwa ameita lifti. Walingoja mngurumo upite. Mama Pazia aliona kwamba yule mtu aliyepandisha marobota yake ghorofa saba alikuwa amesimama mbele yake kama siku ile alipofokewa na msimamizi, na hasira yake ikapungua, ingawa haikuisha.

“Na shati hilo?”

“Nilishalipiga pasi. Asubuhi nikaona nilivae tu.”

Mama Pazia alikaa juu ya kikasha cha vifaa. Fundi akabaki amesimama. Kisha Mama Pazia alimwambia kwamba akitaka kuishi naye, jambo moja lazima lieleweke. Mtu yeyote akimletea maneno, iwe kwa simu, kwa mjumbe au kwa ndoto, aje amuulize yeye.

“Nikikuchoka nitakwambia mwenyewe, kwa sauti, na majirani watasikia. Kabla hujasikia kelele hizo, jua bado nipo.”

“Nitakuja kukuuliza,” Fundi alisema. “Hata kama ni aibu.”

“Hasa kama ni aibu.”

Fundi alimnyooshea mkono kumsaidia kusimama, na gauni la samawati likapata doa la grisi kiunoni.

Nesi alikuwa jikoni, anamenya viazi, mapacha wamelala usingizi wa mchana. Alipoona mama yake amesimama mlangoni na lile doa, kisu kilisimama.

“Nimetoka ofisi ya msajili wa ndoa,” Mama Pazia alisema. “Nimekaa pale mpaka nikaonewa huruma na karani.”

Nesi aliweka kisu chini. Hakujaribu kukana. Mama yake alimshukuru moyoni kwa hilo, maana kama angekana sijui wangefika wapi.

“Nilikuwa naangalia saa kwenye simu yako,” Nesi alianza. “Ujumbe wake ukaingia. *Kesho saa nne, usisahau kitambulisho.* Nikajua. Nilifikiri nikimwandikia vile atakupigia usiku uleule, mtagombana, yatakwisha. Nikaifungia namba yake isiingie kwenye simu yako, ili… hata sijui ili nini. Nikafuta ujumbe wote. Sikujua utaamka uvae.”

“Lakini niliamka nikavaa. Na ulinifungia zipu.”

Nesi akaanza kulia, kimya, mabega tu ndiyo yanayotikisika.

“Nilitaka kukwambia pale. Mdomo ulikataa.”

“Ulikataa kuniambia ‘usiende’, haukukataa kuniambia nimependeza.”

Hilo lilimwingia. Alivuta kiti akakaa, akafunika uso kwa kitambaa cha jikoni. Mama Pazia naye akavuta kiti, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imechoka, wakawa wamekaa na bakuli la viazi katikati yao.

Nesi alipopata sauti alisema kwamba baba yake alipokuwa kitandani alimshika mkono, akamwambia amtunze mama yake.

“Akakwambia unifungie ndani?” mama yake aliuliza. “Baba yako nilimpenda, nikamuuguza, nikamzika. Siku moja sikumwacha peke yake. Ukimtaja yeye ili kunizuia, unamsingizia. Sema jambo lenyewe.”

Nesi alichukua kiazi, akakimenya nusu, akakiacha.

“Sitaweza, mama,” Nesi alisema hatimaye. “Zamu za usiku, watoto wawili, baba yao hayupo. Wewe ukiondoka mimi nitaanguka. Nikimfikiria yule mzee sioni mume wa mama yangu, namwona mtu anayekuja kubeba nguzo ya nyumba yangu.”

Mama Pazia alichukua kiazi kilichomenywa nusu, akakimalizia.

“Hilo ungeniambia, lina jibu,” alisema. “Mimi nahamia mtaa wa nyuma ya soko la vitambaa, sihamii mwezini. Siku za zamu yako ya usiku wataletwa kwangu, walale kwangu. Lakini nitakuwa bibi yao, Nesi. Sasa hivi mimi ni yaya asiye na likizo, na hujaliona hilo kwa sababu sijawahi kulalamika.”

“Ungelalamika basi.”

“Haya, na mimi hapo nimekosa.”

Nesi aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini kulikuwa na kitu kingine humo, kikali. “Na leo ungeniambia saa ngapi? Kama isingekuwa mimi na ule ujumbe. Ungeniambia lini kwamba umeolewa?”

“Jioni.”

“Jioni. Ukija kuchukua nguo.”

Mama Pazia aliweka kiazi chini. Aliona jinsi jambo lile lililowafurahisha yeye na Msusi lilivyoonekana kutoka upande wa pili wa meza. Mtoto wake wa pekee alikuwa apewe habari kama jirani.

“Nilikuogopa,” alisema. “Nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Na wewe ukaniogopa. Ndiyo tukaanza kuibiana.”

Viazi vile vilipikwa vikaliwa. Hawakukumbatiana. Lakini kabla ya kwenda kazini Nesi aliichukua simu ya mama yake mbele yake, akaifungua namba ya Fundi, akairudisha mezani.

Wiki zilizofuata nyumba ile ilikuwa na adabu nyingi kupita kiasi. Waliombana chumvi kama wageni hotelini. Mama Pazia alirudi kwa karani, akapewa Alhamisi nyingine, na safari hii alimwambia bintiye siku hiyohiyo, saa na mahali, akampa na namba ya mlango. Nesi alisema ataona kama zamu itamruhusu. Siku mbili kabla, akiwa anafunga viatu, akasema bila kuinua kichwa:

“Nitakuja. Lakini usiniombe nisaini. Kukaa nitaweza, kusaini bado.”

“Sitakuomba,” mama yake alisema.

Siku ya siku Fundi Lifti alikuwa wa kwanza kufika. Alifika kabla hata ya wenye ofisi, na Mama Pazia alipoingia kwenye ile korido akamkuta amekaa kwenye benchi lilelile, shati jeupe, mikono juu ya magoti. Gauni la samawati lilikuwa limefuliwa mara tatu na doa halikutoka lote, naye hakulifunika. Msusi alikuwa amevaa ndala na hakujali. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, uso umevimba kwa kukesha. Alisimama mbele ya Fundi.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Ule ujumbe niliuandika mimi. Nimeona nije niseme mwenyewe.”

“Ahsante kwa kuja kusema,” Fundi alisema. “Wewe uliuandika. Lakini aliyeuamini ni mimi, na hilo nimeshalijibu kwa mama yako.”

Nesi aliitikia kwa kichwa, akaenda kukaa mwisho wa benchi.

Spana hakuwa amefika. Fundi alimpigia, akamsikiliza, akakata simu. Kuna watu wamekwama kwenye lifti, alieleza, katikati ya ghorofa ya nne na ya tano, na mmoja wao ana mimba kubwa. Spana yuko huko anawatoa. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Karani akawaita ndani, chumba kidogo chenye meza, bendera na mapazia mabaya ambayo Mama Pazia alijitahidi asiyatazame. Msajili mwenyewe alikuwa mwanamume mnene aliyeshika kalamu tayari.

“Mashahidi?”

Msusi akanyoosha mkono.

“Huyo mmoja. Wa pili?”

Wakamweleza. Akasema anasikitika, sheria ni wawili, na baada yao kuna wengine saba. Kisha akamwona Nesi kwenye kiti cha nyuma, karibu na mlango.

“Na yule pale ni nani?”

“Ni mwanangu,” Mama Pazia alisema.

“Basi mama, mashahidi wametimia. Binti yako atasaini.”

Msusi alimkanyaga mguu Mama Pazia chini ya meza. Fundi alitazama mikono yake. Huko nje watu wa harusi nyingine walikuwa wanacheka.

“Mimi simsemei,” Mama Pazia alisema. “Ana mdomo wake. Muulize mwenyewe. Akikataa tutatafuta mtu huko nje, na hatutamlaumu.”

Msajili aligeuza macho. “Dada?”

Mama yake hakugeuka nyuma kumtazama, akakaa wima, macho kwenye kalamu ya msajili, kwa kuwa aliona kugeuka nako kutakuwa kumwomba. Alisikia kiti kikisogezwa. Alisikia viatu vya kazi, vile vya mpira visivyo na sauti, vikija sakafuni. Kisha mkono ukapita begani kwake, ukaweka kitambulisho cha hospitali juu ya meza.

“Hiki hakifai,” msajili alisema. “Nahitaji cha uraia.”

“Samahani,” Nesi alisema, akijipapasa mifuko ya sare. “Sikulala.” Akakipata, akakiweka. “Nitasaini mimi.”

Mengine yalikwenda upesi. Msajili alisoma, wakajibu. Fundi alijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka karani wa korido akachungulia. Walisaini wanne, Nesi wa mwisho, na alipomaliza alishikilia ile kalamu kidogo kabla ya kuirudisha. Hakulia. Aliyelia ni Msusi, aliyekuwa ameapa mbele ya watu wote kwamba hatalia.

Nje, kwenye ngazi za jengo, jua lilikuwa limeshika. Walisimama wakishauriana wapi pa kula, na Nesi akamuuliza mume mpya wa mama yake kama hivyo vyumba vyao vina dirisha linalofunga vizuri, maana mmoja wa mapacha ana kifua. Fundi alianza kueleza kila dirisha na komeo lake. Ndipo Spana akatokea anakimbia, grisi mpaka puani, shati nusu nje, akapanda ngazi mbili mbili.

“Wametoka wote salama,” alisema akihema. “Nimechelewa? Nisaini wapi?”

“Umechelewa,” Nesi alisema. “Nafasi hiyo ina mwenyewe.”